Maswali Sitini na Manne ya Babu

Jumatano, 4 Machi

Kama si mimi mji huu ungekuwa umeshaoza. Nyama buchani, maziwa dukani, chanjo za watoto, hata marehemu wetu wanaosubiri ndugu wa mbali — wote wanategemea vidole hivi kumi. Watu wanadhani mji unaendeshwa na meya. Mji unaendeshwa na baridi, na baridi ni mimi. Umri miaka kumi na tisa, shule niliiacha kidato cha pili (walimu hawajapoa mpaka leo), na friji iliyonishinda bado haijatengenezwa.

Leo nimefufua nyingine. Fundi, bosi wangu, amenituma peke yangu kwenye kile kituo cha tiba ya mimea, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Friji ya kutunzia dawa. Mafundi wawili walishaiandikia cheti cha kifo. Mimi nikainama, nikasikiliza, nikaipiga kompresa kofi moja la heshima. Rilei, kile kiwashio cha kompresa, imeungua, basi. Dakika ishirini tu na sasa inanguruma kama paka aliyeshiba.

Chumba cha pili daktari alikuwa anafundisha watu. Mama wa makamo, miwani inaning'inia kwenye mnyororo shingoni, sauti ya mtu ambaye hajawahi kugombania foleni. Anasema Ayurveda ni elimu ya maisha, ya zamani sana, ilitoka India. Anasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Vata ni upepo — kila kinachotembea. Pitta ni moto — kila kinachopika. Kapha ni maji na udongo — kila kinachoshikilia na kulainisha. Zikienda sawa, mtu mzima. Moja ikizidi wenzake, mtu mgonjwa.

Nikachomoza kichwa mlangoni, bisibisi mkononi. Nikasema samahani mama, hiyo ni friji. Feni, kompresa, barafu. Feni ikizidi chakula kinakauka, kompresa ikizidi inaungua, barafu ikizidi mlango haufungi. Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alivua miwani akasema kwa miaka yote hii anatafuta mfano wa kuwafungua watu macho, kumbe ulikuwa kwa fundi friji. Akaniambia nije Jumamosi, darasa la utangulizi, bure.

Profesa amezaliwa.

Jumamosi, 7 Machi

Darasani tuko tisa. Kinyozi wa mtaani kwetu naye yupo, anasema ameleta mgongo wake. Nikamwambia mgongo umeleta kinyozi, maana yeye peke yake asingepanda ngazi.

Daktari ameanza na onyo. Mwenye dawa za hospitali asiache hata kidonge. Tiba hii inakaa pembeni ya hospitali, haikai juu yake. Halafu akasema watu wawili wakikohoa, yeye haoni kikohozi kimoja. Anataka kujua huyu analala saa ngapi, yule anakula nini, nani kakasirika na nani kaachwa. Mmoja atampa tangawizi, mwingine atampa likizo. Nimeipenda hiyo. Hata mimi mteja akiniambia friji haigandishi sianzi na gesi. Nauliza iko wapi, karibu na jiko? Nani anaifungua? Mnaiwekea sufuria ya moto?

Tukatoa ndimi wote, tisa, kama mbwa wa mchana. Wa kinyozi una utando mweupe kama povu lake la kunyolea. Ilipofika zamu yangu nikamwambia daktari asisumbuke, ninavyojiona mimi nguvu zote tatu ziko sawasawa, jambo nadra. Akautazama ulimi, akautazama tena. Akasema: moto mwingi, na upepo wote umekaa mdomoni. Kinyozi alipiga makofi mpaka mgongo ukamkumbusha.

Pia kuna ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi. Mlo mzuri una zote. Wangu wa mchana una chumvi.

Jumatatu, 9 Machi

Maisha mapya. Nimeamka na jua (lilinitangulia kidogo). Nimekwangua ulimi kwa kijiko. Nimekunywa maji ya moto. Kisha kusukutua mafuta ya ufuta dakika kumi bila kumeza. Nikaona nachelewa, nikaenda nayo kazini mdomoni.

Akaja mama mmoja mwenye friza ya samaki. Akaniuliza itakuwa tayari lini. Nikajibu kwa mikono. Akaniuliza jina, nikaonyesha mashavu. Uso wake ukalegea kwa huruma, akamgeukia Fundi akasema Mungu atakulipa baba, si wengi wanaoajiri watu wenye ulemavu. Fundi akainamisha kichwa: "Tunajitahidi, mama."

Nilipotema, Fundi akasema hizo ndizo dakika kumi bora tangu karakana ifunguliwe. Kesho nisukutue mpaka saa sita.

Nikamshika mkono nikampima mapigo, vidole vitatu kama daktari. Nikamwambia wewe ni pitta mtupu. Hasira za haraka, kipara cha mapema. Akasema hasira zilianza mwaka uleule alioniajiri, na nywele zikaondoka wiki hiyohiyo. Hahitaji mapigo kujua.

Jumanne, 10 Machi

Asubuhi Babu amenipa mkanda wake. "Mjukuu wangu, toboa moja." Nikachoma msumari jikoni nikatoboa. Tundu la tatu tangu mwaka uanze.

Huo mkanda una historia. Babu ameendesha lori miaka thelathini na mmoja, na enzi hizo mkanda ulifungwa tundu la mwisho nje kabisa na tumbo bado lilitangulia kushuka garini. Sasa ncha yake inazunguka mpaka mgongoni. Usingizi hana. Anasema anaona saa zote za usiku zikipita, anazijua kwa majina. Mwezi uliopita hospitali walimpima kila kitu — damu, mkojo, picha ya kifua — wakasema safi, mzee wenu ni chuma. Sawa. Chuma gani hiki kinachopungua?

Chakula kipo. Tunaishi wawili, mimi na yeye, vyumba viwili, tangu Bibi afariki mwaka jana. Shangazi yangu, binti yake Babu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na kila jioni analeta hotpoti. Kwa hiyo si njaa ya kukosa.

Nimeamua nitamponya mimi. Nikamwambia twende kwa daktari wangu. Akasema maisha yake yote amemtolea ulimi mtu mmoja tu, askari wa barabarani, na huyo alikuwa ameshageuka mgongo. Nikamwambia ukiendelea kukonda nitaoa, wakwe waje wakukute umeegemezwa ukutani kama ufagio. Akasema nani atampa binti kijana anayekwenda kazini na mafuta mdomoni.

Habari zinatembea mji huu! Lakini amekubali.

Alhamisi, 12 Machi

Fundi kanipa ruhusa ya muda wa saa mbili. Nimempeleka.

Daktari alimshika Babu mkono wa kulia, vidole vitatu, akafumba macho. Mimi nikasaidia: nikaanza kueleza usingizi, mkanda, lori. Daktari, bila kufumbua: "Mzee anao ulimi wake. Nimeuona." Babu alicheka mpaka akakohoa. Njia nzima ya kurudi anarudia hayo maneno, mpaka kwa muuza magazeti.

Mkono umesema vata. Upepo umezidi. Daktari anasema mapigo ya upepo yanakwenda kama nyoka, yanapinda na kukimbia. Upepo unakausha, unaondoa usingizi, unampunguza mtu. Lakini upepo una mahali unapoingilia, na hapo ndipo anapopatafuta yeye. Dirisha gani liko wazi?

Akatoa fomu. Maswali sitini na manne! Chakula, choo, jasho, ndoto, hasira, marafiki. Safu mbili: "tangu ujana" na "sasa". Babu herufi ndogo hazioni, kwa hiyo mwandishi ni mimi. Masharti: nimuulize machache asubuhi, machache mchana, machache jioni, siku mbili, maana mtu wa asubuhi si mtu wa jioni. Niandike anavyosema yeye. Akaninyooshea kalamu: "Usimjibie."

Nikaapa.

Ijumaa, 13 Machi

Fomu imekwisha. Nimeijaza mchana huu karakanani, nimekaa juu ya friza ya samaki, nusu saa, yote.

Jamani, siku mbili nitazitoa wapi? Asubuhi naondoka mbio. Jioni tukifunga nabaki na vijana wa gereji ya jirani, tunacheza drafti, tunakula chipsi kwenye gazeti, mimi nawafunga, wao wanakana. Nikirudi Babu ameshaingia chumbani kwake. Na kwani kuna mtu anayemjua kuliko mimi? Nimelelewa na mtu huyu tangu nikiwa natembea kwa kushika suruali yake.

Fundi akachungulia begani. "Unamjazia mzee wa watu fomu ya choo?" Nikamwambia aendelee na kazi, sisi wa tiba tuna siri zetu.

Nimeandika vizuri sana. Choo: kama treni ya zamani, kwa wakati na kwa kishindo. Hasira: hana, isipokuwa kwa waendesha pikipiki. Ndoto: barabara. Rafiki: wote. Anapenda nini: supu, redio, kumtania mjukuu. Usingizi wa sasa nimeandika kweli, haupo. Kwingine kote safu ya "sasa" nimeandika "vilevile, vilevile, vilevile", kuokoa wino. Ukisoma ile fomu unamwona Babu kabisa, na tumbo lake, anashuka kwenye lori. Nilicheka peke yangu juu ya friza.

Jumamosi, 14 Machi

Daktari ameisoma yote mbele yetu, kimoyomoyo. Akairudia ukurasa wa pili. Akamshika Babu mkono tena. Akasema anashangaa. Mkono unasema nyumba hii imehamwa, karatasi inasema kila kitu kiko mahali pake.

Akanitazama. Nikatazama friji yake. Inanguruma vizuri.

Akasema basi, kama maisha yake yametulia hivi, tuanze na moto wa tumbo, taratibu, kitu kisichodhuru. Vipande vyembamba vya tangawizi, ndimu, chumvi kidogo, atafune kabla ya chakula cha jioni. Maji ya uvuguvugu, si ya friji (hapo alinitazama tena). Tukirudi wiki ijayo aone.

Nimekata tangawizi mwenyewe asubuhi hii hii, nyembamba kama karatasi ya sigara. Nimeipanga kwenye kisahani. Babu kaonja kimoja, macho yakatoka. Akasema kama dawa ni hii yuko radhi na ugonjwa. Kisha akachukua cha pili.

Jumatatu, 16 Machi

Inafanya kazi! Mimi ni noma. Babu kaniambia asubuhi kwamba jana jioni njaa ilimpiga, njaa ya kweli, ile ya kwenye lori kilomita mia mbili bila mgahawa. Shangazi naye kathibitisha. Nimemkuta getini kwake anaanika nguo, akasema hotpoti inarudi imeoshwa, nyeupe, na Babu kamwambia chakula kilikuwa kitamu. Ameanza kuongeza kijiko. "Umemfanya nini baba yangu, we mtoto?" Nikamwambia ni taaluma, shangazi, hutaelewa. Kanipiga na soksi mbichi.

Nimepita kwa kinyozi nikamweleza mbele ya wateja. Kuna mzee alikuwa na povu nusu uso, akataka nimpime mapigo hapohapo. Nikampima. Nikamwambia kapha, apunguze kulala mchana. Akasema yeye ni mlinzi wa usiku, asipolala mchana atalala lini? Kinyozi ikabidi aweke wembe chini, alikuwa anatetemeka kwa kicheko.

Yote mambo madogo. Babu anakula.

Jumatano, 18 Machi

Asubuhi Babu kanipa mkanda. Kaweka na msumari juu yake.

Nikacheka, nikamwambia tutahamia kutoboa suruali. Nikatoboa. Halafu nikamwuliza, jana ulikula? Nimekula. Ulishiba? "Toboa tundu, mwanangu, acha kunihoji. Mimi si friji."

Hotpoti inarudi tupu na suruali inashuka. Nimefikiria kutwa nzima. Gesi inaingia, baridi haitoki. Kwa mashine jibu ni moja tu: inavuja mahali. Kwa mtu inavujia wapi? Jumamosi nitamuuliza daktari. Huenda tangawizi niliikata nene.

Ijumaa, 20 Machi

Umeme umekatika mtaa wa karakana tangu saa nne. Fundi katupa ruhusa. Sijawahi kurudi nyumbani mchana wa kazi, hata barabara ilinishangaa.

Babu alikuwa kibarazani na redio yake. Nyumbani umeme upo. Nikasema leo naihudumia friji yetu, maana huwa napita tu mbele yake, asubuhi mbio, jioni nimeshiba. Mganga hajigangi. Nikaleta bisibisi, nikaleta kitambaa, nikafungua.

Sahani. Rafu zote tatu. Kila sahani imefunikwa na sahani. Nikadhani Shangazi kaweka akiba ya sherehe. Nikafunua ya juu: wali na mboga, haujaguswa, umesawazishwa na kijiko. Chini yake nyingine, hivyohivyo. Nikahesabu. Sahani kumi na mbili za chakula. Mbili mbili. Za nyuma zimeanza kuota ukungu.

Nikatoka nazo mbili mkononi. Nikamwuliza Babu hii nini. Akapunguza redio.

"Hiyo ya kushoto yako."

Na ya kulia?

"Yangu."

Sasa mbona hukula?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini lori lina usukani. "Nikila mapema, wewe ukifika utakula na nani?"

Nikamwambia mimi narudi nimekula, Babu. Akasema anajua, harufu ya mafuta ya chipsi inaingia kabla yangu. Lakini kila siku ni siku yake, na chakula hakitupwi. Ananingoja sahani zikiwa mezani. Zikipoa kabisa anafunika, anaosha hotpoti, anaenda chumbani. Friji ikijaa, za zamani anawapa kuku wa jirani. Asubuhi anakunywa chai na mkate, mchana ndizi. Ila sasa hii tangawizi yangu, akasema, imezidi. Zamani kungoja kulikuwa rahisi, njaa haikuwepo. Siku hizi anangoja na tumbo linapiga honi.

Halafu akacheka. Alicheka kweli! Akaniuliza kama kwa daktari kuna kipande cha kumrudisha mjukuu nyumbani kabla wali haujapoa, akitafune.

Nilirudi ndani nikasugua rafu.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo, nje ya mlango wa daktari. Nimeomba kalamu hapa mapokezi.

Jana jioni nilitaka tule wote. Kweli nilitaka. Saa kumi umeme wa karakana ukarudi, Fundi akapiga simu, friza ya mama wa samaki imegoma kuwaka na samaki wanayeyuka, njoo mbio. Nikaenda. Nikarudi saa mbili na nusu. Sahani mbili juu ya rafu niliyoisugua mwenyewe.

Asubuhi tumekuja. Babu tu ndiye aliyesalimia watu. Kabla hatujakaa nikamwambia daktari ile fomu niliijaza mimi. Nikasema kwa haraka, nikatabasamu, nikasema lakini majibu mengi ni sahihi, anaweza kuamini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akavuta droo akatoa fomu nyingine, nyeupe, akamwambia Babu karibu ndani, mzee wangu. Mimi akanionyesha benchi.

Mlango mwembamba huu, ubao mtupu. Nasikia kila kitu. Babu anajibu taratibu na daktari anamwachia nafasi. Swali la choo kalijibu wazi, hakikuwa treni hata kidogo. Ndoto si barabara. Anaota jikoni, Bibi anamwita chakula tayari, yeye hapati viatu. Rafiki? Wengine wamekufa, wengine wanakaa mbali, redio ipo. Kila jibu la "sasa" ni tofauti na langu. Anayezungumza humo ndani simjui vizuri. Anakohoa kama Babu.

Kuna mama kakaa pembeni yangu hapa na mtoto. Kaniuliza kama ni mgonjwa. Nimemwambia mimi ni mwanafunzi wa daktari. Ulimi huu!

Sasa daktari kauliza, "Chakula cha jioni unakula na nani?"

Nimesikia kiti kikilia.

"Na mjukuu wangu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Huchelewa kidogo tu. Kazi zake nyingi, mji mzima unamtegemea."

Daktari anaandika. Nasikia kalamu yake.

Hilo ni swali la arobaini na moja. Nalikumbuka. Sikuliandika humu siku ile nilipojisifu kwa majibu yangu mengine, nililiruka. Nilikuwa juu ya friza, miguu inaning'inia, na safu ya "sasa" niliijaza haraka kuliko zote: *Na mjukuu wake, kila jioni.* Babu hajui nilichoandika. Hakuna aliyemsomea. Kajibu vilevile.

Mlango hauna hata komeo. Ni kusukuma tu.

Tangu tulipomzika Bibi, sijakula na Babu hata jioni moja.